Selimundu: Watoto wa Nachingwea na Ruangwa Wapimwe Wangali Wachanga

Mama wa Nachingwea au wa Ruangwa anapomchukua mwanawe mchanga kwenda kliniki kuchanjwa, huenda akiamini kwamba serikali imemwekea huko kinga ya maradhi yanayojulikana. Imani hiyo ina msingi. Surua, pepopunda na kifaduro, maradhi ambayo zamani yaliondoa watoto wengi, yamepunguzwa kwa sindano chache zitolewazo kwa tarehe maalumu. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao mtoto huzaliwa nao, usio na chanjo, na ambao katika miezi hiyo hiyo ya chanjo huwa umejificha. Ugonjwa huo ni selimundu. Leo twapenda kueleza ni kitu gani kinachouficha, na kwa nini jambo hilo linawahusu viongozi wa wilaya hizi mbili na ndugu zetu wa visiwani kwa kiasi kile kile.

Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Nchi yetu huhesabiwa miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa kabisa duniani, pamoja na Nigeria, Kongo na India. Aidha, wataalamu hukadiria kwamba barani Afrika, mahali ambapo mtoto hapimwi wala hatunzwi, nusu ya watoto hao au zaidi hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Wengi wao huzikwa bila jina la ugonjwa wao kujulikana. Husemwa kwamba ni malaria, au ni kupungukiwa damu, au ni mkono wa mtu.

Tuanze na damu yenyewe. Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu imo protini iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Hemoglobini moja huundwa na minyororo minne ya globini: miwili ya jamaa ya alfa na miwili ya jamaa ya beta. Maagizo ya kutengeneza kila mnyororo yameandikwa katika jeni, yaani sehemu ya utepe wa vinasaba ambao mtoto huurithi kwa baba na mama. Katika selimundu, herufi moja tu ya jeni ya beta imebadilika. Badiliko hilo hugeuza kiungo kimoja, cha sita, katika mnyororo wenye viungo 146. Nalo latosha. Hemoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni hugandamana ikawa nyuzi ngumu. Chembe iliyokuwa laini na ya mviringo hupindika mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 hivi, ambapo chembe nzima huishi siku 120. Hapo ndipo yatokapo maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, macho ya manjano, kiharusi cha utotoni, na udhaifu mbele ya maradhi ya kuambukiza.

Msomaji makini atauliza: ikiwa badiliko hilo limo katika jeni tangu siku ya kutungwa mimba, mbona mtoto huzaliwa akiwa mzima, mwenye uzito wake na kilio chake, na hubaki hivyo kwa miezi kadhaa? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1948 na daktari mmoja wa watoto mjini New York, Janet Watson. Aliona kwamba damu ya watoto wachanga wenye jeni za selimundu haikupindika kwa urahisi, akapendekeza kwamba hulindwa na hemoglobini ya aina nyingine waliyotoka nayo tumboni mwa mama zao. Baadaye ilithibitika kwamba alisema kweli.

Mwanadamu hatumii hemoglobini moja tangu mwanzo wa uhai wake hata mwisho. Katika wiki za kwanza za mimba, kiinitete hutengeneza hemoglobini yake ya pekee. Kisha ini la mtoto aliye tumboni hushika kazi, na badala ya mnyororo wa beta hutumia mnyororo uitwao gama. Hiyo ndiyo hemoglobini ya mimba, nayo huvuta oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, ili mtoto apate sehemu yake kupitia kondo la nyuma. Karibu na kuzaliwa, uboho wa mifupa huwa umeshika usukani, na jeni ya beta huanza kufanya kazi kwa bidii huku gama ikipungua. Siku ya kuzaliwa, sehemu kubwa ya hemoglobini ya mtoto bado ni ile ya mimba. Baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa mtoto mzima hubaki asilimia 1 hivi tu. Kosa la selimundu limo katika beta, wala halimo katika gama. Kwa hiyo maadamu gama ingali ikifanya kazi, mtoto yu salama. Inapozimika, ugonjwa hujitokeza. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvimba vidole vya mikono na miguu, kwenye umri wa miezi sita hivi na kuendelea.

Je, jeni ya gama huenda wapi? Haiendi popote. Hapa tunawaomba watumishi wa serikali waifikirie masjala ya ofisi zao. Majalada yote yamo kabatini, lakini yanayoshughulikiwa ni yale tu yaliyofunguliwa na kupelekwa mezani. Mengine yamefungwa, yamepigwa muhuri na kurudishwa ndani. Hakuna ukurasa uliochanwa. Ndivyo ilivyo katika chembe changa ya damu. Utepe wa vinasaba umezungushwa juu ya vijiti vidogo vya protini mithili ya uzi kwenye kibonge, na pale ulipokazwa sana jeni haiwezi kusomwa. Aidha, juu ya utepe wenyewe hubandikwa alama ndogo za kikemikali ziitwazo methili, ambazo ni kama ule muhuri wa kufungia jalada. Elimu ya alama hizi, ambazo hutawala jeni pasipo kubadili hata herufi yake moja, huitwa epijenetiki.

Jeni za jamaa ya beta zimo katika kromosomu ya 11, zikiwa zimepangwa kwa mstari kwa utaratibu ule ule zinavyotumika maishani: kwanza ile ya kiinitete, kisha gama mbili, kisha delta ambayo hufanya kazi kidogo tu, na mwisho beta. Mbele ya mstari huo ipo sehemu ya vinasaba ambayo ni mfano wa mkuu wa ofisi. Hujikunja na kuigusa jeni inayotakiwa, nayo hufanya kazi kwa nguvu. Ikiiacha hiyo na kuigusa nyingine, kazi huhama. Katika mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba yupo karani mkali anayesimamia kufungwa kwa gama. Ni protini iitwayo BCL11A, ambayo hushika karibu na mwanzo wa jeni hizo na kuwaita wenzake waukaze utepe. Karani huyo akipunguzwa nguvu, gama hufunguka tena hata kwa mtu mzima.

Mambo haya hayakujulikana kwa kubahatisha. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani waliwapa nyani dawa inayozuia alama za methili zisibandikwe, na nyani hao, ambao walikuwa wamekwisha kukua, wakaanza tena kutengeneza hemoglobini ya mimba. Na hapa kwetu Afrika Mashariki mwanga ulikuwa umekwisha kuonekana kabla ya hapo. Mwaka 1958 madaktari waliofanya kazi Uganda, Jacob na Raper, walieleza habari za watu ambao hemoglobini yao ya mimba haikuzimika walipokua, na za wale waliorithi hali hiyo upande mmoja na jeni ya selimundu upande wa pili. Watu hao hawakuugua kama wagonjwa wa kawaida. Maumbile yenyewe, kwa maneno mengine, yalikwisha kuonyesha kwamba jalada hilo laweza kubaki wazi maisha yote bila madhara.

Sasa tuwageukie wasomaji wetu wa Unguja, Pemba, Mafia na Songo Songo, ambao huenda wakasema kwamba Nachingwea na Ruangwa ziko mbali nao. Haziko mbali. Katika karne ya 19 watu wengi wa nyuma ya pwani ya Kilwa na Lindi, Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wamwera na Wangindo, walivushwa bahari kwenda visiwani. Wengi walichukuliwa kwa nguvu katika biashara ya utumwa ambayo soko lake la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Wengine katika miaka iliyofuata walikwenda wenyewe kutafuta riziki. Damu yao imo leo katika familia za visiwani, na kwa njia ya majahazi imefika hata Oman. Wataalamu waliochunguza wagonjwa wa selimundu nchini Oman walikuta jeni hiyo ikiwa na nasaba zaidi ya moja: zipo za Afrika, mojawapo ikiwa ile iitwayo ya Kibantu, na ipo ya Arabuni na Bara Hindi. Wenye nasaba hii ya mwisho kwa kawaida hubaki na hemoglobini ya mimba nyingi zaidi, na ugonjwa wao mara nyingi huwa mpole kiasi. Wenye nasaba ya Kibantu, ambayo ndiyo iliyoenea Tanzania, kwa kawaida hubakiwa na kidogo. Ugonjwa ni ule ule na kosa la herufi ni lile lile. Kinachotofautiana ni jinsi jalada la gama lilivyofungwa. Basi anayedhani kwamba elimu hii ni ya maabara za Ulaya tu na aitazame historia yake mwenyewe.

Wala wataalamu wetu hawakukaa wakitazama. Tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimekuwa kikifuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, na mwaka 2014 watafiti wa Kitanzania na wenzao wa nje walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa zaidi ya elfu moja. Uchunguzi huo ulithibitisha kwamba tofauti ndogo katika sehemu ya BCL11A huchangia kuamua ni kiasi gani cha hemoglobini ya mimba kitabaki kwa mgonjwa wa hapa nchini.

Elimu hiyo imezaa matibabu ya namna mbili. La kwanza limetangazwa sana. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ambayo chembe mama za uboho hutolewa mwilini, swichi ya BCL11A hukatwa, na chembe hizo hurudishwa. Gama hufunguka. Lakini kabla ya kuzirudisha, uboho wa mgonjwa hauna budi kusafishwa kwa dawa kali hospitalini, na bei ya tiba hiyo ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu, hatua ambayo yastahili sifa. Hata hivyo, upandikizaji huhitaji ndugu ambaye uboho wake unalingana na wa mgonjwa, na hauwezi kuwafikia watoto 11,000 kwa mwaka.

La pili ni kidonge. Haidroksiyurea ni dawa ya zamani, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 1984 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1998. Huusumbua uboho kidogo, nao katika kujirudishia nguvu hutoa chembe zenye gama nyingi zaidi. Jaribio lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, liliwapa dawa hiyo watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Walipolinganishwa na hali yao kabla ya kuanza dawa, maumivu yalipungua kupita nusu, malaria ilipungua kwa nusu hivi, haja ya kuongezewa damu ilishuka ikawa theluthi moja, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuiingiza dawa hii katika orodha ya dawa muhimu. Si dawa ya kuchezea: mgonjwa hupimwa chembe za damu mara kwa mara, na haifai kutumiwa na mjamzito pasipo shauri la daktari. Lakini ni kidonge kinachomezwa nyumbani, na mtoto wa mkulima wa korosho au ufuta aweza kukimeza sawasawa na mtoto wa mjini.

Ugumu uko mahali pamoja tu. Dawa haiwezi kumsaidia mtoto asiyejulikana. Na mtoto wa selimundu hajulikani kwa macho katika miezi ambayo ndiyo bora ya kumtayarishia kinga. Hapo ndipo Nachingwea na Ruangwa zinapokuwa na la kufundisha, kwa kuwa tatizo la namna hii zimekwisha kulishughulikia. Katikati ya miaka ya 2000, wilaya tano za kusini, yaani Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba, zilikuwa uwanja wa mpango ulioendeshwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na Wizara ya Afya. Watoto wachanga walipewa dawa ya kuzuia malaria na upungufu wa damu siku zile zile walipoletwa kuchanjwa, wakiwa na umri wa miezi 2, 3 na 9. Haikujengwa nyumba mpya, wala haikuundwa idara mpya. Mhudumu yule yule, mezani pale pale, aliongeza tendo moja katika kazi yake.

Tuitazame miezi hiyo: wa 2, wa 3 na wa 9. Ndiyo miezi ambayo gama hufungwa na beta hufunguliwa. Mtoto wa selimundu huingia kliniki mara ya kwanza akiwa analindwa na damu ya tumboni, na huja kuchanjwa surua akiwa ulinzi huo umemwacha. Katika muda huo wote amekuwa mbele ya mhudumu wa serikali, mara nne au tano, kadi yake ikiandikwa na uzito wake ukipimwa. Tone moja la damu ya kisigino lingetosha. Vipo siku hizi vipimo vidogo visivyohitaji umeme ambavyo hutoa jibu kwa dakika 10 hivi, hata kwa mtoto wa siku moja. Kanda ya Ziwa, watafiti wa Hospitali ya Bugando waliopima damu za watoto wachanga waliona kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni moja ya selimundu. Nasi huku kusini, ambako malaria, ndiyo iliyoifanya jeni hiyo idumu, imekuwapo vizazi na vizazi, hatuna sababu ya kukaa bila kupima.

Nachingwea inajua gharama ya kutokupima. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakamwaga mamilioni ya pauni, wakaleta matrekta na kujenga reli, kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa ipasavyo. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Tusingependa afya ya watoto wetu iendeshwe kwa mtindo huo, tukingojea tiba kubwa ya mamilioni ya dola huku kipimo cha tone la damu kikikosekana zahanati.

Kwa hiyo tunatoa maoni yetu. Kwanza, Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zitenge katika bajeti zao fedha za vipimo vya watoto wachanga, zikianzia hospitali za wilaya na vituo vya afya ambako akina mama wengi hujifungulia, na jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki. Pili, mtoto aliyegunduliwa aanzishiwe mara moja kinga za msingi: penisilini kuanzia mwezi wa pili hadi mwaka wa tano, foliki asidi, chandarua na kinga ya malaria, chanjo zote kwa wakati, na haidroksiyurea atakapofikia umri ambao daktari ataona unafaa. Tatu, dawa hiyo na mashine ya kuhesabu chembe za damu zipatikane wilayani. Mzazi hawezi kusafiri kila mwezi kwenda Lindi au Mtwara, sembuse Dar es Salaam, na mzazi wa kisiwani hawezi kungojea bahari itulie. Nne, utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 usiwasahau watoto hawa, ambao wataihitaji dawa maisha yao yote. Tano, wizara mbili za afya, ya Bara na ya Zanzibar, zibadilishane takwimu na uzoefu. Ni kweli kwamba afya si jambo la Muungano, lakini jeni hizi zilivuka bahari kabla ya Muungano kuwapo.

Kwa wazazi tuna neno moja pia. Mtoto hapati selimundu mpaka arithi jeni kwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe mara nyingi ni wazima kabisa. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya wanne. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa kisa cha mtoto anayeumwaumwa ajue kwamba nusu ya asili ya ugonjwa huo imetoka kwake. Na familia inayomtafuta mchawi itambue kwamba kila wiki inayopita kwa mganga ni wiki ambayo mtoto amekosa kidonge chake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu tunaujua ulipo na siku unapoanza kufunguka. Wataalamu wameeleza, dawa ipo, na meza ya kliniki yenye mhudumu na kadi ipo Nachingwea na Ruangwa kama ilivyo Chake Chake na Kilindoni. Linalosubiriwa ni uamuzi wa wenye madaraka ya bajeti, nao tunawaomba waufanye katika mwaka huu wa fedha.